Ishara ya Kurusha Mbali

Shambani, nje ya Loma Seca, Texas
Jumamosi, 3 Oktoba 1987

Wifi Nelda,

Salamu utazipata kwa kaka yako Doyle, yeye bado anazo za kukupa. Mimi nimekupigia simu jana usiku, unainua, unasikia sauti yangu, unakata. Leo asubuhi hivyo hivyo. Basi nakuandikia. Barua unaweza kuichana, lakini najua utaisoma kwanza, maana umbea unaupenda kuliko chakula.

Jana tumeshinda, sawa. Tumeshinda kwa alama moja, tena dhidi ya watoto wa Pyle ambao mwaka jana tuliwafunga mpaka tukawaonea huruma. Nikukumbushe kazi ya mrushaji, maana naona nyumba yako nzima imeisahau. Mrushaji anapokea ule mpira wa umbo la yai, anatazama mbele, anaurusha kwa mwenzake aliye mbali kabla hawajamwangusha. Mwanao Royce jana alipokea mpira na kumpa mkimbiaji aukimbize kwa miguu. Akapokea tena, akampa mkimbiaji. Usiku mzima hivyo, kama mtu anayegawa uji. Mwaka jana alikuwa anarusha, hilo sikatai. Mwaka huu amekuwa karani.

Wakati huohuo mwanangu Dusty amesimama pembeni. Ana miaka kumi na sita na anaurusha mpira kutoka mlango wa ghala letu mpaka barabarani, muulize kaka yako. Kocha Pruett amempa kazi gani? Kocha anamnong'oneza mchezo wa kucheza, Dusty anamwonyesha Royce kwa ishara za mikono. Basi. Mtoto mwenye mkono kama ule anatumika kama bango la barabarani.

Sisemi Royce atolewe. Nasema Dusty apewe kipindi cha pili. Wewe ndiye mwenyekiti wa akina mama wa timu, kocha anakula kwako, na kila mtu anajua anachokula ndicho anachoamua. Mwambie.

Na jingine. Vibao vya namba za wachezaji mlivyopaka rangi na kuvifunga kwenye uzio wa shule, cha Royce kiko langoni. Cha Dusty nimekitafuta nikakikuta nyuma ya mapipa ya taka. Nelda, unanijua. Usinianze.

Mke wa kaka yako, upende usipende,
Oleta Ketchum


Mtaa wa Tatu, Loma Seca
Jumanne, 6 Oktoba 1987

Oleta,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Haikustahili kiti.

Timu haijapoteza mechi hata moja. Mrushaji ni Royce. Mwaka huu ni wake wa mwisho shuleni, na wa Dusty bado. Zamu ya Dusty itafika, kama ilivyofika ya Royce baada ya kukaa benchi miaka miwili bila mama yake kumwandikia mtu barua.

Unasema kijana wako ana mkono. Nimeuona. Uko pembeni ya uwanja unapunga kama anayefukuza nzi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sitalirudia. Tarehe sita Novemba, mechi ya mwisho na Tarver, mtu wa chuo anakuja kumtazama Royce. Ameshaandika barua mbili. Akiridhika, Royce anapata ufadhili wa miaka minne. Asiporidhika, kampuni ya visima vya mafuta imeshamwekea nafasi yake kwenye mtambo, mtambo uleule uliomuua baba yake. Unajua Gene aliondoka nyumbani na kofia yake ya kazi na walichoniletea ni kofia. Hivyo ukitaka nimwambie kocha ampunguzie mwanangu dakika hata mbili, wewe endelea kutaka.

Kibao kiliwekwa na upepo.

N. Stallcup


Shambani
Jumamosi, 17 Oktoba 1987

Wifi,

Upepo wa Texas una akili sana. Unachagua namba.

Nimeacha kukuomba. Nimezunguka mwenyewe na karatasi, saluni, duka la mbegu, mpaka mlango wa kanisa, na watu wametia saini kwamba Dusty Ketchum apewe nafasi kubwa zaidi. Nimempelekea kocha ofisini kwake. Wako waliotia saini ambao wanakuita rafiki, sitawataja, nitakuacha uwaangalie usoni mmoja mmoja.

Kocha amenijibu na hapo ndipo nimejua mkono wako uko wapi. Amesema Dusty hafai. Si kwamba hajui kurusha. Hafai kwa sababu akili haitulii. Kocha anasema anamnong'oneza "rusha mbali", Dusty anatoa ishara ya kukimbia. Akimuuliza, mtoto anasema samahani Kocha, nimechanganya. Kila mechi. "Mama Ketchum," ameniambia, "mtu asiyeweza kufikisha neno moja uwanjani nitampaje timu nzima?"

Mwanangu hajachanganya kitu tangu azaliwe. Ishara zile amezifanyia mazoezi mezani kwangu majira yote ya joto. Mimi mwenyewe nazijua. Kupiga tumbo ni kukimbia. Kushika kiwiko ni kurusha karibu. Mkono wa kulia juu kabisa, kiganja wazi, ni kurusha mbali. Nimezijua mimi ninayeunguza maandazi kila wiki, yeye azisahau? Kuna mtu amemtilia kocha maneno, na mtu huyo anampikia.

Halafu Alhamisi, kwenye chakula cha timu, nimeona kwa macho yangu. Royce amekaa, Dusty anamkatia nyama. Anamkatia vipande vidogo, anamsogezea sahani, na bwana mkubwa anakula kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ameulaza mapajani kama mfalme. Najua vijana wadogo huwahudumia wa mwaka wa mwisho, ni desturi, wanawaletea chai ya baridi na mkate. Kukatiana nyama ni desturi ya wapi? Tena mwanao alikuwa ananuka dawa ya kuchulia farasi mpaka nikahamia meza nyingine. Najua unafanya kazi kwa daktari wa mifugo, lakini mwogeshe.

Oleta


Mtaa wa Tatu
Jumanne, 20 Oktoba 1987

Oleta,

Nimecheka, na mimi sicheki ovyo.

Umekwenda kwa miguu yako kuuliza kwa nini mwanao hapewi nafasi, ukaambiwa. Sasa unanitafuta mimi. Kocha simwambii kitu, namkaribisha maharage. Kama Dusty anachanganya ishara, anachanganya. Mshukuru Mungu amewekwa pembeni ambako makosa yake yanarekebishika.

Habari ya nyama, wakubwa wanahudumiwa. Royce naye aliwahi kuhudumia.

Saini zako nimezisikia. Mwenye saluni amekuja mwenyewe kuniomba radhi, amesema ulimshika akiwa na mkasi mkononi na mteja kitini.

Usikanyage tena kwenye chakula cha Alhamisi. Lete sahani yako, iache mezani, uondoke.

N. Stallcup


Shambani
Jumamosi, 31 Oktoba 1987

Nelda,

Leo sina utani.

Kaka yako alinunua kamera ya video tulipouza pamba. Kila Ijumaa anaipeleka jukwaani. Mimi nilidhani anarekodi mechi. Jana usiku nikasema nitazitazama zote, nimpelekee kocha ushahidi kwamba timu inahitaji mtu wa kurusha. Nikaziweka. Nelda, hakuna mechi. Kaka yako amerekodi mtoto wake tu. Mechi baada ya mechi, Dusty amesimama pembeni na kofia yake, mpira hauonekani kabisa, unasikia watu wanapiga kelele na huoni wanapigia nini. Nilitaka kumrushia Doyle rimoti. Kisha nikaanza kuangalia mikono.

Kocha anamsogelea Dusty, anasema, na akisema anainua mkono wake juu kidogo bila kujijua. Rusha mbali. Dusty anaitikia kwa kichwa. Anageuka uwanjani. Anapiga tumbo. Halafu kabla kocha hajamfokea, anageuka mwenyewe na uso wa samahani. Hachanganyi. Nilirudisha mkanda mara nyingi mpaka Doyle akaniambia nitaukata. Mtoto yule anatazama kwa Royce, anasubiri Royce amwone, na anapiga tumbo polepole, vizuri, kama nilivyomwona mezani kwangu.

Nimemwamsha. Alikana kwanza. Nikamwambia nimeona mkanda, akakaa chini sakafuni jikoni na kusema, "Bega la Royce limekwisha, Mama. Hawezi kuinua mkono. Usiseme, tafadhali, usiseme mpaka mtu wa chuo apite."

Kumbe nilikuwa nazunguka mji na karatasi kumwombea mtoto nafasi, na yeye anaitupa kwa mikono yake miwili kila Ijumaa. Mji mzima unamwona bwege kwa ajili ya mwanao. Na wewe ulijua. Ulinijibu kwamba makosa yake yanarekebishika, na dawa ya farasi iko kabatini kwako. Ulicheka.

Nakupa mpaka Alhamisi. Mwambie kocha mwenyewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi.

Oleta


Mtaa wa Tatu
Jumatatu, 2 Novemba 1987

Oleta,

Umeuliza mengi. Hukuuliza bega liliumiaje.

Agosti, shambani kwenu. Wavulana walikuwa wanahamisha majani makavu. Royce alisimama juu ya mzigo. Gari liliondoka ghafla akaanguka kwa bega. Muulize Dusty nani alikuwa anaendesha.

Mimi nilijua siku ya tatu, nilipomkuta bafuni anashindwa kuvua shati. Akanisimulia, akaniapisha. Nilikuwa na haki ya kuja kwenu nikavunja kila sahani. Sikuja. Sikumwambia Doyle, sikukwambia wewe, kwa sababu naujua mji huu. Mtoto aliyemvunja mrushaji wa Loma Seca hatapewa jina lingine mpaka anazeeka. Watu wangeweka kibao cha "Shamba Linauzwa" mbele ya nyumba yenu, kama wanavyomwekea kocha akipoteza mechi mbili. Nimelitunza jina la mwanao tangu Agosti, Oleta, huku wewe unakusanya saini dhidi ya wangu.

Ndiyo, nilicheka. Ningefanya nini?

Imebaki mechi moja. Mtu wa chuo anataka kumwona kijana anayeongoza timu iliyoshinda msimu mzima. Watakimbia, watashinda kwa kukimbia. Akishatia saini, bega watalitibu wao, wana madaktari. Usiku mmoja.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uolewe na kaka yangu na sipendi ninavyojisikia sasa. Usiseme.

Na usinidanganye kwamba utasema kwa ajili ya bega lake.

Nelda


Shambani
Alhamisi, 5 Novemba 1987

Nelda,

Nimemwambia kocha leo mchana. Habari ya gari sikumwambia na sitamwambia mtu.

Nilikaa na barua yako siku mbili. Nilimuuliza Dusty, akasema kweli, yeye ndiye aliyeendesha. Kisha nikawaza wale watoto wa Tarver, wakubwa kama milango, wakimwangukia Royce upande ule. Kocha amempeleka kwa daktari wa shule na daktari amemwambia akicheza kesho asahau mkono huo. Hayo ni ya kweli.

Ni kweli vilevile kwamba Dusty ataanza kesho. Ukisema nimefanya kwa ajili yake, nusu siikatai. Nimengojea sana kusikia jina lake likitangazwa.

Hasemi na mimi.

Oleta


Shambani
Jumamosi, 7 Novemba 1987

Nelda,

Nijibu swali moja, kisha tusiandikiane tena.

Mwanao alimwambia nini mwanangu?

Ulikuwapo, uliona. Nilivaa kifuani ua kubwa la mama wa mchezaji, lenye utepe wa namba saba, namba yake, nikakaa mstari wa kati, mahali pako, na wewe ukakaa mwisho kabisa karibu na lango. Wakatangaza jina lake. Wamempanga Royce pembeni kutoa ishara kwa sababu ndiye mwingine pekee anayezijua. Nikasema sasa mtaona. Dusty akapokea mpira, akampa mkimbiaji. Akapokea tena, akampa mkimbiaji. Tarver walishajua, wakajazana mbele, mkimbiaji wetu anaangushwa kabla hajanyanyua mguu. Kocha anatupa kofia chini. Watu wote wanapiga kelele, rusha wewe, rusha. Hakurusha. Mwenye duka la mbegu akaniinamia kwa nyuma akasema, "Mama Ketchum, huyu ndiye tuliyemtilia saini?"

Robo ya tatu ya mechi nikaondoka. Nilikaa garini na vioo vimefungwa. Nililivua ua nikaliweka kiti cha nyuma. Ndiyo, nilimwacha mwanangu uwanjani anazomewa, na utalisema hilo kanisani kesho, sema.

Doyle ananiambia mwishoni alirusha mara moja, na kwamba hajawahi kuona mpira ukienda vile. Mji wote unasema habari ya mpira huo. Mimi sikuuona. Kaka yako amerekodi, lakini kwenye mkanda Dusty anasimama muda mrefu sana anatazama pembeni, uso unambadilika, kisha anarusha. Hakionekani anachotazama. Nimemuuliza, ananipita kama meza.

Royce alimkataza asirushe ili mtu wa chuo aseme bora Royce? Ni hivyo? Mmemtumia mwanangu mpaka mwisho?

Oleta


Mtaa wa Tatu
Jumatatu, 9 Novemba 1987

Oleta,

Ungebaki kitini ungejua.

Royce hakumkataza kitu. Mimi nilikuwa langoni, hatua chache nyuma yake, nilimwona vizuri. Kila kocha aliposema rusha mbali, Royce aliinua mkono wa kushoto juu kabisa, kiganja wazi. Ishara ileile aliyoagizwa, kila mara, hakubadilisha hata moja. Dusty alikuwa anatazama chini. Anapokea mpira, anampa mkimbiaji. Royce akampigia kelele, "Nitazame, wewe!" Hakumtazama. Nikaelewa kabla ya kocha kuelewa. Mtoto alikuwa ameamua kwamba kama binamu yake harushi, naye harushi, na mtu wa chuo asione mkono mwingine usiku ule. Alikuwa analipa habari ya gari.

Nilifurahi, Oleta. Nakwambia bila aibu. Nilisimama pale nikiombea asirushe.

Dakika za mwisho, tumeshafungwa, hakuna tena cha kuokoa. Royce akaondoka pembeni akaingia uwanjani, akaupita mstari wa chokaa, kitu ambacho kinaadhibiwa, kocha anamwita haitikii. Akasimama mahali ambapo Dusty hakuweza kutomwona. Akainua mkono wa kulia.

Haukufika. Ulifika begani ukagoma. Akaushika kwa mkono wa kushoto akausukuma juu, na nilikiona kiganja kikifunguka. Mtu wa chuo alikuwa mstari wa mbele. Alitazama mpaka mwisho, akafunga koti, akaondoka. Ningeweza kumkimbilia nikamdanganya kitu. Nilibaki namtazama Royce.

Dusty akamtazama. Ndicho kile ambacho kamera ya kaka yangu haikukiona. Kisha akarusha. Mimi nimekaa kwenye viwanja hivi maisha yangu yote, Gene alirusha hapa, Royce amerusha hapa. Hakuna aliyewahi kuurusha vile, na imeniuma kuandika. Ukapita juu ya watu wote ukashuka mikononi mwa mwenzake mwishoni kabisa mwa uwanja. Tulishindwa vilevile. Nani aliyejali. Royce alikuwa amepiga magoti kwenye chokaa, ameshika bega, anacheka.

Ulikuwa sahihi kwamba anastahili kupewa nafasi. Ulikuwa sahihi tangu barua ya kwanza. Sikusamehe kwa lolote, na hilo nalo uliweke kwenye kabati lako.

Royce ameshapasuliwa bega. Kampuni ya visima wameambiwa hawezi kazi ya mtambo mwaka huu wala ujao. Baada ya hapo sijui. Usiku nalala, ni mara ya kwanza tangu Agosti, na sitaki mtu aniulize kwa nini.

Kibao cha Dusty nimekitoa nyuma ya mapipa. Kiko langoni. Sikufanya kwa ajili yako.

Alhamisi ni chakula cha mwisho cha timu. Royce amefungwa mkono kifuani na amesema hataki kukatiwa nyama na mimi. Mwambie Dusty aje mapema. Wewe mshushe mlangoni.

Usizime gari.

Nelda